Miti Ikiingia Malishoni

Kila mtoto wa shule siku hizi amefundishwa mambo mawili juu ya miti. La kwanza, mti ni rafiki wa mtu, maana hutupa kivuli, matunda, dawa, kuni na mbao. La pili, mwenye kukata mti yampasa kupanda mwingine. Mafundisho hayo ni mema, wala hatukusudii kuyapinga. Lakini leo twataka kusema juu ya jambo la tatu, ambalo halisemwi mara nyingi, nalo wafugaji walijua kwa uchungu: mti ukiota mahali pasipo pake waweza kuleta hasara. Mbuga iliyolisha ng'ombe miaka mingi hugeuka kichaka, na mwenye mifugo hubaki na miti mingi na maziwa machache.

Jambo hili huja polepole, na ndiyo sababu huwadanganya watu. Mwaka wa kwanza mchungaji huona vijiti vichache katikati ya majani, wala havimsumbui. Baada ya miaka mitano vijiti vimefika kifuani mwake. Baada ya miaka kumi hawezi kuwaona ng'ombe wake wote kwa pamoja, naye hutumia nusu ya siku kuwatafuta. Kisha siku moja mtoto wake amwuliza, "Baba, mbona mahali hapa mwapaita mbugani, hali ni porini?" Hapo ndipo baba atambuapo ya kuwa malisho yamekwisha kupotea.

NCHI YA KAMINA

Kamina ni mji wa njia panda. Reli itokayo Lubumbashi hugawanyika hapo: tawi moja laelekea Kasai mpaka Ilebo, na jingine laelekea Kabalo na Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 2015, jimbo la Katanga lilipogawanywa, Kamina imekuwa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Mji uko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,000, nayo hunyesha hasa toka Oktoba hadi Aprili; kisha huja kiangazi kirefu, majani hukauka, na moshi wa mioto huonekana kila upande.

Katika nchi ya mvua nyingi namna hii, mtu aweza kuuliza: kwa nini kuna mbuga hata kidogo? Kwa nini miti haikufunika kila mahali? Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo msingi wa habari yetu.

Nchi ya Haut-Lomami ina sura nyingi. Kandokando ya mito kuna misitu minene. Juu ya ardhi kavu kuna pori la miombo, yaani miti ya jamii ya Brachystegia na ndugu zake. Katika mabonde mapana yenye maji wakati wa masika kuna majani matupu, ambayo watu wa Katanga huyaita dembo. Tena kuna nyanda za juu, kama zile za Kibara, ambako majani yametanda mpaka upeo wa macho. Katika mbuga za Upemba, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1939, wamebaki punda milia wa mwisho wa nchi nzima ya Kongo. Mnyama huyu hupenda mahali pa wazi, apate kumwona adui kutoka mbali. Kichaka kikifunga mbuga, yeye hana pa kukimbilia.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji makampuni ya ufugaji yaliona majani hayo, yakaanzisha mashamba makubwa ya ng'ombe katika sehemu hizi za Katanga. Baadaye ng'ombe wengi walipotea kwa sababu ya misukosuko na vita. Lakini hata leo kuna mashamba ya ufugaji, na kuna jamaa wenye ng'ombe wawili watatu na mbuzi kadhaa, ambao kwao ng'ombe ndiye benki: huuzwa mtoto aingiapo shule ya sekondari, au mgonjwa apelekwapo hospitali. Kwa hiyo habari ya majani na vichaka si ya wataalamu peke yao. Ni habari ya ada za shule na sahani ya chakula.

MBUGA SI MSITU ULIOHARIBIKA

Zamani wataalamu wengi walidhani ya kuwa kila mbuga ya Afrika ilikuwa msitu, kisha watu wakauharibu kwa shoka na moto. Siku hizi twajua ya kuwa sivyo ilivyo kila mahali. Ziko mbuga zilizokuwako kabla ya mtu wa kwanza kushika shoka la chuma. Ushahidi wake tunaukanyaga kwa miguu.

Katika mbuga za Katanga, Zambia na Angola huota mimea ya ajabu. Ukiitazama, waona majani mafupi yasiyofika magotini. Ukichimba, wakuta shina na mizizi minene iliyoenea mbali chini ya ardhi. Kwa kweli ni miti, lakini imejificha udongoni, na kichwa chake tu ndicho huchungulia nje. Mtaalamu Frank White aliandika juu yake mwaka 1976, akaiita misitu ya chini ya ardhi. Mmoja wa mimea hiyo ni Parinari capensis, mfupi kabisa, hali ndugu yake mbura ni mti mkubwa wenye kivuli. Mimea ya namna hii ilizoea moto na jua kali kwa muda wa mamilioni ya miaka. Kivuli kikiifunika, hudhoofika na kufa. Basi, mahali ambapo imejaa ni mbuga ya asili, nayo ina haki ya kukaa kama ilivyo.

MOTO, MENO NA SHOKA

Majani na miti hushindana siku zote. Majani ya mbuga zetu hupenda jua jingi. Yakiwekwa kivulini hupungua. Mti nao, ukiwa mchanga, ni dhaifu mbele ya majani, kwa sababu mizizi yake bado mifupi na majani hunywa maji ya juu kabla yake. Lakini ukikwisha kuyapita majani kwa kimo, ushindi ni wake: hutupa kivuli, hunywa maji ya chini, na majani hurudi nyuma.

Nani basi aliyeuzuia mti mchanga usipande juu? Walikuwako walinzi watatu.

Mlinzi wa kwanza ni moto. Wakati wa kiangazi majani marefu yaliyokauka huwaka kwa nguvu, na kila mti ambao haujafika mita mbili au tatu huungua kichwa. Mizizi yake haifi. Masika yanaporudi huchipuka tena, na kiangazi kinachofuata huungua tena. Mti waweza kukaa hivyo miaka mingi bila kurefuka.

Mlinzi wa pili ni meno. Tembo huvunja miti na kuibandua maganda. Swala na mbuzi hula machipukizi. Lakini tembo wa Katanga wamewindwa mno kwa ajili ya pembe zao, na mahali pengi hawaonekani tena.

Mlinzi wa tatu ni shoka la mtu mwenyewe, akatafutaye kuni, boriti za nyumba na shamba jipya.

JINSI MIZANI INAVYOHARIBIKA

Sasa tuone mambo yanavyokwenda pale ng'ombe wanapokuwa wengi mahali pamoja kwa muda mrefu. Ng'ombe hula majani, wala hapendi sana miti. Kila siku anamla adui wa mti na kumwacha mti. Majani yakibaki mafupi, kiangazi moto hauna cha kuunguza. Huzunguka-zunguka na kuzimika. Mti mchanga unapona mwaka huo, na mwaka wa pili, na wa tatu, na mwisho umepita kimo cha moto. Tena maji ya mvua, ambayo zamani yalinywewa na majani, sasa hushuka chini kwenye mizizi ya mti.

Zaidi ya hayo, ng'ombe mwenyewe ni mpandaji. Miti mingine yenye maganda matamu, kama migunga na msegese, huliwa maganda yake wakati wa njaa ya kiangazi. Mbegu ni ngumu. Nyingi hupita tumboni bila kusagika, nazo huanguka mbali pamoja na samadi, yaani pamoja na mbolea yake. Mfugaji huona ng'ombe wanashiba. Hatambui ya kuwa wanapanda kichaka.

Miti ya namna hii twaifahamu. Uko mkulagembe, ambao wataalamu huuita Dichrostachys cinerea, wenye miiba migumu na maua ya rangi mbili, zambarau na manjano. Ukiukata mara moja na kuuacha, mizizi yake hutoa machipukizi mengi kuuzunguka, na mahali pa mti mmoja waona kumi.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Hewa tunayovuta imebadilika. Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila sehemu milioni za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420, kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe na mafuta na kukata misitu. Hewa hiyo ni chakula cha mimea, lakini miti michanga hufaidika nayo kuliko majani ya mbuga za joto: baada ya kuungua huchipuka upesi na kuwahi kupita kimo cha moto. Kwa hiyo hata mahali ambapo mfugaji hakukosea lolote, miti inasaidiwa.

MASHAHIDI WATATU

Ili mtu asidhani ya kuwa hayo ni maneno matupu, tutazame mahali patatu palipochunguzwa.

Shahidi wa kwanza yuko karibu nasi, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, huko Ndola katika Zambia. Mwaka 1933 wataalamu walichagua vipande vya pori la miombo. Kimoja walikilinda kisiungue kamwe. Kingine walikichoma kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu na moto ukiwa mpole. Kingine walikichoma mwishoni mwa kiangazi, wakati moto ni mkali sana. Baada ya miaka mingi tofauti ilikuwa wazi kwa kila aliyefika. Mahali pasipoungua palikuwa msitu mzito, na majani yametoweka. Mahali pa moto mpole, miombo ilibaki. Mahali pa moto mkali, miti mikubwa ilikufa mmoja mmoja, na majani yakatawala. Ardhi ile ile, mvua ile ile, na nchi tatu mbalimbali! Moto peke yake, na wakati wa kuuwasha, ndio ulioleta tofauti.

Shahidi wa pili ni mbuga ya Serengeti katika Tanzania. Kwenye miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe wengi mno, na nyumbu na nyati pamoja nao. Watu wakafa njaa na kuhama, na mahali pengi vichaka vikaota. Baadaye ng'ombe wa nchi za jirani walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia, kwenye miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka hiyo walizidi milioni moja kabla ya 1980. Walikula majani mengi sana, mioto ikapungua, na miti ikaanza kuongezeka tena. Twaona hapa jambo la kushangaza: miti yaweza kuongezeka wanyama wanapokufa, kwa kuwa hakuna wa kuila wala wa kuikata, tena yaweza kuongezeka wala-majani wanapozidi, kwa kuwa moto umekosa chakula. Mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani kote, lakini alama zake katika sura ya nchi bado zipo.

Shahidi wa tatu ni kaunti ya Baringo katika Kenya. Huko mti wenyewe ulikuwa mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ililetwa miti ya Prosopis, kutoka mbegu za Amerika, ili izuie jangwa na kuwapa watu kuni. Nia ilikuwa njema. Lakini mti ule, ambao watu wa huko huuita mathenge, ulitoroka ukaingia malishoni penye maji karibu na ziwa Baringo. Ukafunga njia, ukasonga majani, na miiba yake ikachoma miguu ya watu na mifugo. Maganda yake ni matamu kwa sukari, nayo yaliharibu meno ya mbuzi mpaka yakang'oka. Mwaka 2006 watu wa kabila la Ilchamus walikwenda mahakamani kuishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno alipelekwa Nairobi awe ushahidi. Wengine walicheka waliposikia habari hiyo. Lakini mwenye mbuzi hakucheka, maana mbuzi asiye na meno hufa njaa katikati ya majani.

HASARA ZAKE

Hasara ya kwanza twaijua: majani hupungua. Penye majani machache ng'ombe hukonda, huzaa kwa nadra, na maziwa hukauka mapema. Mfugaji hukusanya mifugo yake yote kwenye sehemu iliyobaki wazi, nayo huliwa mpaka udongo. Mwisho nayo hushindwa na miti. Ubaya hujizaa wenyewe.

Hasara ya pili ni maji. Majani ya mbuga hukauka kiangazi na kuacha kunywa. Mti wenye mizizi mirefu na majani mabichi mwaka mzima hauachi. Huko Jonkershoek katika Afrika Kusini, tangu miaka ya 1930, wataalamu walipima vijito vilivyotoka katika mabonde yaliyopandwa misonobari, wakaona ya kuwa maji yalipungua kadiri miti ilivyokua. Katika nchi yetu dembo ni kama sifongo: hupokea maji ya masika na kuyatoa pole pole kiangazi. Mwenye kuujaza dembo miti inywayo maji mengi, kama mikalitusi, asishangae kisima cha bondeni kikikauka.

Hasara ya tatu ni maradhi. Kuna aina za mbung'o ambao hupenda kivuli cha pori, nao huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Huko Shinyanga, katika Tanzania, vichaka vilivyoenea baada ya sotoka vilileta mbung'o mpaka karibu na vijiji. Katika miaka ya 1920 Wasukuma wengi, wakiongozwa na machifu wao pamoja na mtaalamu C. F. M. Swynnerton, walifyeka vichaka hivyo kwa kazi ya pamoja, wakakomboa nchi yao.

Hasara ya nne ni ya viumbe vingine. Ndege wafanyao viota chini katika majani, swala wa mahali pa wazi, maua ya mbuga na ile miti ya chini ya ardhi, vyote huondoka. Kichaka kina ndege wake, ni kweli, lakini ndege wa kichaka wana mahali pengi pa kukaa. Wa mbuga hawana.

TUSIRUKE MPAKA UPANDE WA PILI

Hata hivyo, asije mtu akasoma habari hii kisha akachukua shoka na kufyeka kila mti. Shinyanga ile ile inatupa somo la pili. Baada ya kufyeka vichaka, watu waliendelea kukata miti kwa ajili ya mashamba ya pamba, kuni na ujenzi, na ng'ombe wakazidi, mpaka nchi ikawa kipara na upepo ukabeba udongo. Mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakulima walirudia desturi yao ya zamani iitwayo ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika, majani na miti vipumzike, kisha kuifungua mwishoni mwa kiangazi wanyama wapate chakula. Mwanzoni ngitili zilikuwa hekta 600 hivi tu. Baada ya miaka kama 15 zilikisiwa kuzidi 300,000. Watu wale wale waliookoka kwa kufyeka, wajukuu wao waliokoka kwa kuacha miti iote. Hakuna kupingana hapo. Kila kitu kina kipimo chake.

Nasi wa Haut-Lomami twajua faida ya miombo. Humo twapata asali, uyoga wa mwanzo wa mvua, viwavi vya kuliwa, dawa na mbao. Mti mmoja mkubwa katikati ya malisho huwapa ng'ombe kivuli cha mchana, na majani yaliyo chini yake mara nyingi hubaki mabichi kuliko ya juani. Anayetushambulia ni kichaka cha miti midogo iliyosongamana, isiyofaa kwa mbao wala kwa kivuli.

Ajabu yake ni hii: twaharibu mahali pawili kwa mara moja. Jamaa nyingi za Kamina hupika kwa makaa ya miti, ambayo sisi huyaita makala. Wachomaji huyatafuta katika miombo mikubwa, iliyochukua miaka mingi kukua, na kila mwaka huenda mbali zaidi na mji. Papo hapo malisho yafungwa na mikulagembe na migunga ambayo hakuna anayeikata. Twaondoa miti mahali ipasapo kuwapo, twaiacha mahali isipopasa. Katika Namibia, ambako vichaka vimefunika mamilioni ya hekta za malisho, wenye mashamba wamegundua dawa yenye faida: hukata miti ile ya vichaka, huchoma makaa, na kuyauza mpaka Ulaya. Mbao za mkulagembe ni ngumu na nzito, nazo hutoa moto mzuri. Mchomaji na mfugaji wa Kamina wangeweza kusaidiana vivyo hivyo.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, tung'oe mapema. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mti wenye kimo cha goti hung'olewa na mtoto kwa jembe dogo, pamoja na mzizi wake; ukiachwa miaka mitano wataka shoka na siku nzima. Kila jamaa iweke siku chache baada ya mvua za kwanza, udongo ukiwa laini, kwa kazi hii.

Pili, tuyapumzishe malisho. Gawanya mahali pako sehemu tatu au nne. Kila mwaka sehemu moja ipumzike masika yote. Majani yatapata nguvu ya kusonga miti michanga, na kiangazi yatakuwa mengi ya kutosha moto.

Tatu, tujue kutumia moto. Penye miombo na karibu na vijiji, uwashwe moto mpole wa mwanzo wa kiangazi, au usiwashwe kabisa. Penye malisho yaliyoanza kufungwa na miti, moto mkali wa mwishoni mwa kiangazi wafaa, lakini si kila mwaka. Mara moja kila miaka mitatu hivi yatosha. Kabla ya kuuwasha, ipatikane ruhusa ya wakubwa, ifyekwe njia pana pande zote, na watu wawepo wa kuulinda. Baada ya moto ng'ombe wasiingie mpaka majani yamekua vema, maana majani machanga yakiliwa yangali mafupi hufa. Moto uliowashwa ovyo na mwindaji wa panya ni mwizi; ule uliopangwa na kijiji kizima ni mtumishi.

Nne, tuwachanganye mbuzi na ng'ombe. Mbuzi hula machipukizi ambayo ng'ombe huyaacha. Baada ya kukata kichaka, mbuzi wakilishwa hapo kwa miaka miwili mitatu, mizizi huchoka. Lakini walindwe, wasiingie bustani za watu wakaleta ugomvi mahali pa faida.

Tano, tuangalie mahali pa kupanda. Mwaka 2014 nchi yetu ya Kongo, katika mwito wa mataifa ufahamikao kwa jina la Bonn, iliahidi kuirudishia miti na rutuba ardhi iliyoharibika yenye ukubwa wa hekta milioni 8. Kazi hiyo ni njema ikifanywa pale ambapo msitu ulikuwapo ukakatwa, au kwenye mashamba yaliyochoka, au kuzunguka mji ili watu wapate kuni. Lakini mtu akija na miche kutaka kupanda katika dembo au mbuga ya asili, aulizwe kwanza: hapa palikuwa na nini zamani? Wazee wa kijiji watamjibu. Na asipowaamini wazee, achimbe aione ile misitu ya chini ya ardhi.

KAZI KWA WANAFUNZI

Ninyi wanafunzi mwaweza kufanya uchunguzi bila vyombo vya gharama. Pimeni malishoni kipande cha hatua 20 kwa hatua 20, mweke mawe kwenye pembe zake. Kila mwaka mwezi wa tano hesabuni miti iliyo chini ya goti, iliyo kati ya goti na kichwa, na iliyopita kichwa. Andikeni hesabu katika daftari la darasa, na pia andikeni kama mahali hapo paliungua, na kwa mwezi gani. Darasa likimaliza shule, liachie darasa lifuatalo daftari hilo. Baada ya miaka michache mtakuwa na habari ambayo wakubwa wenyewe watakuja kuisoma, na kijiji kitajua mapema kama malisho yake yanafungwa.

Mwisho, wasomaji wapenzi, tukumbuke ya kuwa malisho si mali ya mtu mmoja. Mmoja akipumzisha sehemu yake na jirani akaingiza ng'ombe usiku, kazi ni bure. Mmoja akiwasha moto kwa kipimo na mwingine akauwasha kwa mchezo, hasara ni ya wote. Basi, kabla ya masika yajayo, wakubwa wa vijiji, wafugaji, wachomaji wa makala na walimu waketi pamoja, wapatane ni sehemu ipi itapumzika, ni ipi itafyekwa, ni ipi itaungua na kwa mwezi gani. Miti haitungojei, inaendelea kukua hata usiku tulalapo.